Anayelipia Njia Ana Haki ya Kuuliza



Katika mikutano ya vikundi vyetu, kila yanapotajwa mambo ya barabara na ya vizuizi vya kulipia, vile ambavyo huku kwetu tunaviita péage, tumesikia semi mbili zikirudi tena na tena. Mmoja husema: «Mkristu mwema hulipa na kunyamaza, ya serikali ni ya serikali.» Mwingine hujibu kwa ukali: «Ndugu wa Johannesburg walikataa kulipa, nao wakashinda. Sisi tunangoja nini?» Mbele ya semi hizo hatuwezi kukaa kimya. Ingawa zinapingana, zote mbili zinazaa tunda moja: raia asiyejua pesa yake imekwenda wapi. Yule wa kwanza haulizi kwa sababu ya woga; yule wa pili haulizi kwa sababu ya hasira. Na kati ya woga na hasira, yuko anayehesabu pesa polepole, bila kusumbuliwa na mtu.

Neno letu leo ni fupi, nasi tunalisema wazi tangu mwanzo. Anayelipia njia ana haki ya kuuliza, na haki hiyo inaanza kabla ya shimo la kwanza kuchimbwa. Serikali inayojenga kwanza na kuuliza baadaye inatenda udhalimu, hata kama lami yake ni nzuri. Lakini raia anayelala wakati wa kuulizwa, kisha akaamka siku ya kulipa, naye amejitayarishia hasara. Ili jambo hili lionekane vema, tuitazame kwa makini ile habari ya Johannesburg ambayo wengi wanaitaja na wachache wanaijua.

Matao ya chuma juu ya njia kuu

Gauteng ndilo jimbo dogo kuliko yote ya Afrika ya Kusini kwa eneo, tena ndilo lenye watu wengi kuliko yote. Ndani yake mna Johannesburg, mji wa dhahabu, na Pretoria, mji wa serikali. Kati ya miji hiyo miwili ni mwendo wa kilomita 50 na zaidi kidogo, na asubuhi na jioni magari husongamana kama siafu. Si nchi ya mbali kwetu. Wako Wakongomani wengi waishio Yeoville na mitaa mingine ya Johannesburg. Na magari makubwa yanayobeba shaba yetu kwenda bandari ya Durban hupita pande hizo, sawa na yale yanayotuletea bidhaa mpaka Kasumbalesa. Yaliyotendeka huko yanatuhusu.

Mwaka 2007 serikali ya Afrika ya Kusini ilikubali mpango wa kupanua njia kuu za Gauteng. Kazi ilianza mwaka 2008, wakati nchi nzima ilipokuwa ikijitayarisha kwa Kombe la Dunia la 2010. Karibu kilomita 200 za barabara zilitengenezwa upya: njia za magari ziliongezwa, makutano yakajengwa vingine, taa zikawekwa. Gharama ilifika karibu randi bilioni 20, na sehemu kubwa ya pesa hizo shirika la taifa la barabara, SANRAL, lilizikopa. Tuseme haki: barabara zilikuwa nzuri, wala hakuna aliyeweza kusema kwamba kazi haikufanyika. Ugomvi haukuwa juu ya lami.

Kisha juu ya barabara hizo yakasimamishwa matao ya chuma, zaidi ya 40, yenye kamera. Hapakuwa na kizuizi, wala mlinzi, wala kijumba cha kulipia. Gari linapita chini ya tao kwa mwendo wake, kamera inasoma namba yake, na hati ya deni inamfuata mwenye gari mpaka nyumbani. Mwenye kubandika kijisanduku kidogo kwenye kioo cha gari alihesabiwa bei ya chini. Asiye nacho alihesabiwa bei ya juu.

Bei ya kwanza ilitangazwa mwaka 2011: senti 66 kwa kila kilomita kwa gari dogo lisilo na kijisanduku. Mchukueni mtu mmoja anayekaa Pretoria na kufanya kazi Johannesburg. Tuseme anatozwa kilomita 50: ni randi 33 kwenda, na randi 33 kurudi. Kwa siku 20 za kazi ni randi 1,320 kila mwezi. Huyo si tajiri wa ndege. Huenda ni mwalimu, au muuguzi, au fundi wa umeme mwenye gari kuukuu. Watu walipopiga hesabu hiyo mezani kwao, hasira iliwaka kote jimboni. Serikali ikarudi nyuma, ikatafuta bei nyingine, na siku ile matao yalipowashwa mwenye kijisanduku alitozwa senti 30 kwa kilomita. Lakini jeraha lilikuwa limekwisha kufunguka.

Kwa nini watu waliumia

Wengine husema kwamba watu wa Gauteng walikuwa wachoyo, kwamba walitaka barabara ya bure. Tunakataa maneno hayo, nasi tunatoa sababu tatu.

Kwanza, walikuwa wanalipa tayari. Kila lita ya mafuta ya magari katika nchi ile ina kodi ndani yake, na mwenye gari alijua kwamba anaitoa kila anapojaza tangi. Njia zenyewe hazikuwa mpya. Nyingi zilijengwa miaka mingi kabla, kwa kodi ya baba zao. Zilipanuliwa, hilo ni kweli. Lakini mtu aliyezoea kupita katika njia yake aliamka siku moja akaambiwa kwamba amekuwa mpangaji.

Pili, si wote waliochagua kukaa mbali na kazi. Utawala wa ubaguzi wa rangi uliwatupa watu weusi pembeni mwa miji, katika Soweto na mitaa mingine kama hiyo, ili waje kufanya kazi mchana na kuondoka usiku. Umbali ule haukutoka kwa Mungu. Ulipangwa na watu kwa ramani na kalamu. Miaka mingi baada ya sheria zile kufutwa, umbali ulibaki, na sasa ukatozwa kwa kilomita. Serikali ilijibu kwamba teksi za abiria na mabasi yenye kibali hayatalipa. Jibu hilo lilikuwa na uzito wake, nasi hatulifichi. Lakini magari ya mizigo yalilipa, na mwenye gari la mizigo hachukui hasara mwenyewe: huiweka juu ya bei ya unga na ya sabuni, na hapo mtu asiye na gari akalipa bila kupita chini ya tao lolote.

Tatu, na hii ndiyo sababu kubwa kuliko zote, watu hawakuulizwa kwa namna inayostahili jina la kuuliza. Mpango wa kutoza ulitangazwa mwaka 2007 kwa matangazo ya kisheria, na watu wakapewa siku 30 za kutoa maoni. Katika jimbo la mamilioni ya watu, waliojibu walikuwa wachache sana. Sheria ilishikwa kwa ncha ya vidole, lakini roho yake iliachwa chini. Tangazo dogo ndani ya gazeti, kwa lugha ya wanasheria, si kuuliza watu. Mama anayeamka saa kumi usiku ili afike kazini hasomi kurasa zile. Mwenye kutaka jibu kweli huenda mahali watu walipo: sokoni, kanisani, msikitini, kwenye kituo cha mabasi. Asiyetaka jibu huandika kwa herufi ndogo.

Waliochelewa mlangoni

Mwaka 2012 upinzani ulisimama kwa nguvu. Chama kikuu cha wafanyakazi, COSATU, kiliwatoa watu barabarani mwezi wa Machi. Wakati huohuo likaundwa shirika la OUTA, lililowakusanya wenye magari na wafanya biashara, likaenda mahakamani. Mwezi wa Aprili Mahakama Kuu ya Pretoria ilisimamisha utozaji. Watu walishangilia. Lakini mwezi wa Septemba Mahakama ya Katiba iliondoa zuio hilo, na mwezi wa Oktoba 2013 Mahakama Kuu ya Rufaa iliikataa rufaa ya OUTA.

Vijana, sikilizeni kwa nini ilikataliwa, maana hapa pana somo la habari hii yote. Majaji hawakusema kwamba watu waliulizwa vema. Hawakuingia hata katika swali hilo. Walisema kwamba malalamiko yamechelewa. Uamuzi ulikuwa wa miaka mingi nyuma, barabara zimekwisha kujengwa, pesa zimekwisha kukopwa, na waliokopesha wanangoja. Maji yakimwagika hayazoleki. Kilio kilikuwa na haki ndani yake, lakini kilifika mlangoni baada ya mlango kufungwa.

Tunajua kwamba ni vigumu kulia kabla ya kupigwa. Mtu huona uchungu wa bei siku anapoletewa hati. Lakini wenye kupanga mambo wanalijua hilo pia, nao hulitumia. Hutangaza mapema kwa sauti ya chini, hujenga kwa haraka, na hudai kwa sauti ya juu. Ndiyo sababu wazee walisema: asiyekuwapo na lake halipo.

Ushindi na bili yake

Tarehe 3 Desemba 2013 matao yaliwashwa. Ndipo watu wa Gauteng walipofanya lile ambalo wengi wenu mnalisifu: walio wengi hawakulipa. Hati zilifika, zikawekwa kando. Barua za vitisho zilifika, nazo zikawekwa kando. Mwaka 2014 serikali ya jimbo iliunda tume ya kuchunguza jambo hilo. Mwaka 2015 serikali ya taifa ilipunguza bei na kuahidi punguzo la madeni ya zamani. Watu wakaendelea kukataa. Mwaka 2019 SANRAL iliacha kuwashtaki wenye madeni. Mwezi wa Oktoba 2022 Waziri wa Fedha, Enoch Godongwana, alitangaza kwamba mpango umefika mwisho. Na usiku wa kuamkia tarehe 12 Aprili 2024 matao yakazimwa kwa sheria.

Huo ulikuwa ushindi, wala hatutaki kuudharau. Watu wa kawaida, bila bunduki, walisimama zaidi ya miaka 10, na serikali ikajifunza kwamba mfuko wa raia si shamba lisilo na mwenyewe. Mtawala yeyote wa Afrika anayefikiria kuweka kamera juu ya barabara ya wafanya kazi atakumbuka Gauteng.

Lakini deni je? Deni halikuzimwa pamoja na matao. Dawa ya deni ni kulipa, na aliyekopesha hakusema kwamba amesamehe. Lilipogawanywa, hazina ya taifa ilichukua asilimia 70, na jimbo la Gauteng asilimia 30. Mwaka 2022 peke yake hazina ya taifa ilitenga randi bilioni 23.7 kwa ajili ya sehemu yake. Hesabu hiyo ipiteni polepole. Barabara zilijengwa kwa karibu randi bilioni 20. Miaka 12 baada ya Kombe la Dunia, sehemu ya taifa peke yake ilikuwa kubwa kuliko gharama ya ujenzi. Riba haikugoma. Riba haikungoja mahakama wala tume. Kila mwaka wa ubishi, yenyewe ilikula.

Na nani analipa hazina ya taifa? Mtazameni bibi mzee wa kijiji cha Limpopo, asiye na gari, asiyepata kuiona Johannesburg hata mara moja. Anaponunua sabuni dukani analipa kodi ya asilimia 15. Senti zake zinaingia katika hazina ileile iliyochukua deni la njia kuu za Gauteng. Hakuulizwa mwaka 2007, hakuandamana mwaka 2012, hakushangilia mwaka 2024, lakini bili imemfikia. Nao wale waliolipa kwa uaminifu tangu siku ya kwanza walibaki wakijiuliza: utii wetu umetufaa nini?

Pengine mtasema: «Ni haki barabara za taifa zilipwe na hazina ya wote.» Yawezekana. Wako wengi wenye akili wanaosema hivyo, na hata OUTA ilitaka kwamba pesa zitoke katika kodi ya mafuta, kwa maana kukusanya kodi ya mafuta hakuhitaji matao wala kamera wala barua za madeni. Lakini hilo lilipaswa kuamuliwa mwanzoni, mbele ya wote, kabla ya riba kuanza kula. Likiamuliwa mwishoni kwa kuchoka, huo si uamuzi tena. Ni mabaki ya ugomvi.

Kwa wale wanaosema: lipa, nyamaza

Sasa tunawageukia wale wa usemi wa kwanza, kwa sababu huwa wanajifunika kwa Injili. Ni kweli, Kristu hakuwafundisha watu kumnyima Kaisari kilicho chake. Lakini Injili hiyohiyo inawajua watoza ushuru. Yohane Mbatizaji, walipomwuliza wafanye nini, hakuwaambia wafunge meza zao. Aliwaagiza wasidai kitu zaidi ya kile walichoamriwa. Zakayo, mkubwa wao, alipoongoka, alisimama akapiga hesabu mbele ya watu na kuahidi kuwarudishia aliowadhulumu mara nne. Basi mkristu anayesema kwamba hesabu si jambo la imani hajakisoma kitabu chake vema. Kutoza bila kutoa hesabu ni dhambi ya zamani, na kunyamaza mbele yake hakugeuki kuwa utii kwa sababu tu tumekuita utii.

Tena, kuuliza si uasi. Mtoto anayetumwa dukani na mama yake hurudi na mabaki ya pesa na kueleza alivyonunua, wala hasemi kwamba mama amemtukana kwa kumwuliza. Serikali ni mtumwa aliyetumwa na watu. Ikiona swali kuwa tusi, imekwisha kusahau ni nani aliyemtuma mwenzake.

Kwa wale wanaosema: tukatae

Nanyi wa usemi wa pili, hatuwalaumu kwa hasira yenu, nasi tunayo. Tumesimama pamoja nanyi mbele ya vizuizi kwenye njia zetu za Katanga na Lualaba. Tumemwona mama akishuka na magunia yake ya makala, akihesabu noti zilizokunjwa, kwa maana dereva amempandishia nauli na kutaja kizuizi kama sababu. Tumepewa karatasi ambazo maandishi yake yalikuwa yamefutika kabla hatujafika nyumbani, na mara nyingine hatukupewa karatasi kabisa. Tumepita katika mashimo nusu saa baada ya kulipia barabara. Hakuna kijana mwenye damu mwilini asiyeumia.

Lakini pimeni. Watu wa Gauteng waliweza kukataa kwa sababu mbele yao hapakuwa na kizuizi. Gari lilipita, deni likabaki kwenye karatasi. Kwetu kuna mti umelazwa barabarani na mtu amesimama kando yake, anayekataa hapiti. Na akikataa dereva, gunia la unga linalala njiani, na bukari ya jioni inapotea katika nyumba ya mtu asiye na kosa. Kukataa kusikotanguliwa na swali, wala kufuatwa na pendekezo, kunauhamisha mzigo tu kutoka bega moja hadi jingine, na mara nyingi bega la pili ndilo dhaifu zaidi. Hilo ndilo somo la bibi mzee wa Limpopo.

Tuna njia yetu, nayo imeandikwa. Katiba yetu ya mwaka 2006, katika kifungu cha 174, inasema kwamba kodi haiwekwi ila kwa sheria. Katika kifungu cha 27 inampa kila Mkongomani, peke yake au pamoja na wengine, haki ya kuiandikia serikali ombi, nayo serikali inapaswa kujibu katika miezi mitatu. Ni wangapi katika parokia zetu wanaojua kifungu hicho? Ni vikundi vingapi vimekwisha kukitumia? Tangu mwaka 2008 tuna mfuko wa taifa wa matengenezo ya barabara, FONER, uliowekwa kwa sheria, unaopata pesa katika mafuta tunayonunua na katika ushuru wa barabara. Maana yake, sisi nasi, kama watu wa Gauteng, tunalipa mara mbili: mara moja kwenye pampu na mara nyingine kwenye kizuizi. Na tukikumbuka mkataba wa Sicomines wa mwaka huohuo wa 2008, ulioahidi madini kwa barabara na majengo, kisha ukarudiwa mwaka 2024 na kutajwa ndani yake dola milioni 324 kila mwaka kwa ajili ya miundombinu, kama bei ya shaba haitaanguka, tunaweza kusema kwamba tunalipa mara tatu, na mara ya tatu ni kwa mawe ya ardhi yetu.

Hatusemi kwamba kila senti imeibwa. Mtu asiye na ushahidi asiite mwenzake mwizi. Tunasema kwamba anayelipa mara tatu ana haki ya kuona hesabu mara tatu.

Maswali matano ya kupeleka

Kwa hiyo tunawaomba, vijana wa kila parokia iliyo kando ya njia inayolipiwa, mwache kwanza mabishano ya kijiweni, mkae chini na kalamu. Andikeni maswali haya matano kwa lugha ya adabu na ya wazi, mtie sahihi zenu, mpelekee wakuu wa jimbo na wajumbe mliowachagua katika bunge la jimbo.

La kwanza: ushuru huu umewekwa kwa sheria gani, au kwa mkataba gani, na maandishi yake yanasomwa wapi?

La pili: barabara hii ilijengwa kwa pesa ngapi, na kama kuna deni, anayedai ni nani?

La tatu: tutalipa kwa miaka mingapi, na siku deni litakapokwisha nani atakuja kukiondoa kizuizi?

La nne: kila mwezi kinaingia kiasi gani, na katika mwezi uliopita kimetengeneza mashimo yapi?

La tano: maskini wamehesabiwaje, na anayebeba mazao ya shamba lake analipa sawa na anayebeba shaba?

Maswali haya hayahitaji ushujaa wa filimbi na mawe. Yanahitaji ushujaa mwingine, ambao ni mgumu zaidi: ule wa kungoja miezi mitatu, kurudi, kuuliza tena, na kuandika tarehe ya kila jibu na ya kila ukimya. Dai risiti kila upitapo, uitunze. Risiti mia moja zilizokusanywa na kikundi kimoja cha vijana ni neno zito kuliko vilio elfu moja. Na mnaposikia kwamba njia mpya inapangwa katika mji wenu, msingoje lami. Nendeni siku hiyohiyo. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na ukuta wa Gauteng, mmeona, ulijengwa kwa mabilioni.

Nasi pia, wazee wa shirika hili, tukiri kosa letu. Mara nyingi tumewaambia vijana wapige magoti, hatukuwafundisha kusoma mkataba. Tumehubiri uaminifu kwa anayelipa, tukasahau kuuhubiri kwa anayepokea. Tangu leo tunataka yote mawili yaende pamoja. Mkristu alipe kilicho haki, bila kumhonga mlinzi ili apite upande wa nyuma, maana anayehonga kizuizini hana uso wa kudai hesabu. Na akiisha kulipa, asimame, aulize.

Barabara ni mali ya wote. Inampeleka mgonjwa hospitalini, mwanafunzi shuleni, mahindi sokoni. Kwa sababu ni ya wote, wote waichangie kadiri ya uwezo wao. Na kwa sababu wote wameichangia, asiwepo hata mmoja wa kufungiwa kitabu cha hesabu. Haya mawili yakitenganishwa, la kwanza linakuwa unyang'anyi na la pili linakuwa kelele.

Ya kutafakari pamoja katika kikundi

1. Katika njia tunazopita kila juma, ni wapi tunapolipa, na nani kati yetu amewahi kudai risiti?

2. Je, mradi upi wa barabara unapangwa sasa karibu nasi, ambao bado wakati wa kuuliza haujapita?

3. Kama kila mtu akikataa kulipa kesho, ni nani katika parokia yetu atakayebeba mzigo huo, na tutamwambia nini?